Chachu za Tumboni: Kati ya Unga wa Kifuko na Chungu cha Uji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika miaka ya karibuni mgeni mmoja amebisha hodi kwenye maduka ya dawa ya mjini Kisumu, naye amekuja ndani ya kifuko kidogo chenye unga mweupe wa utamu hafifu. Jina lake ni prebaiotiki. Kazi anayodai kuifanya ni kuwalisha wale wanaoishi tumboni mwa binadamu, yaani matrilioni ya bakteria waliofanya makao katika utumbo mpana. Mgeni huyu ana hoja nzito, wala si haki kumfukuza mlangoni kabla ya kumsikiliza. Hata hivyo, mwenyeji naye ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kumkaribisha jamvini. Je, mgeni anasema lugha gani? Na je, kile alichokibeba mkobani hakikuwamo chunguni tangu hapo?

Maswali haya si ya mzaha. Ukanda wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kuanzia Siaya na Bondo, kupitia Kisumu na nyanda za Kano, hadi Homa Bay na Mbita, ni miongoni mwa sehemu za nchi ambamo tumbo la mtoto limechunguzwa mno. Utafiti mkubwa wa kimataifa kuhusu kuharisha kwa watoto, ujulikanao kwa kifupi kama GEMS, ulioanza mwaka 2007 katika nchi saba za Afrika na Asia, ulikuwa na kituo chake cha Kenya huko Siaya. Mama wa ukanda huu, kwa hiyo, hangoji sayansi ya tumbo imfikie. Ilikwisha kumfikia, ikamwomba kinyesi cha mwanawe na sahihi yake kwenye fomu. Kilichobaki nyuma ni maelezo.

Ifafanuliwe kwanza istilahi yenyewe. Mnamo mwaka 1995 wanasayansi wawili wa Ulaya, Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, walibuni neno hili kwa maana ya chakula ambacho tumbo la binadamu haliwezi kukisaga, kikashuka kikiwa kizima hadi utumbo mpana, na huko kikawa riziki ya bakteria wenye manufaa. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipanua maana hiyo, likasema prebaiotiki ni kitu chochote ambacho vijiumbe vya mwilini hukitumia kwa kuteua, na matumizi hayo yakamletea mwenye mwili faida ya kiafya. Probaiotiki ni jambo jingine kabisa: hao ni bakteria wenyewe wakiwa hai, kama wale wa maziwa mgando. Mmoja ni mbegu, mwingine ni mbolea. Aghalabu wachuuzi, na hata baadhi ya wauguzi, huwachanganya, wala si ajabu, kwa kuwa katika sikio la Mswahili tofauti yao ni irabu moja tu.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Bakteria wanapoipata lishe hiyo huichachua, na katika kuichachua hutoa asidi fupifupi, zikiwamo asetati, propionati na butireti. Butireti ndiyo nishati kuu ya seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo zikishiba, ukuta huimarika. Asidi nazo huyafanya mazingira ya utumbo kuwa makali kwa bakteria waletao maradhi. Pale ambapo lishe hiyo haipo, wenyeji wema hufa njaa na nafasi zao huchukuliwa na majambazi.

Hapa ndipo lugha inapoingia, nayo inaingia ikiwa na deni. Kwa miongo mingi elimu ya afya katika Kiswahili imekuwa na wimbo mmoja: viini ni adui. Chemsha maji, nawa mikono, funika chakula, ua vijidudu. Wimbo huo ulikuwa wa haki, na ungali wa haki, kwani kipindupindu kimezirudia fuo za ziwa mara nyingi kupita kiasi, na hakuna mzazi wa Nyalenda au Manyatta asiyejua maana ya mtoto kuharisha kwa siku tatu. Lakini kutokana na wimbo huo, maneno yote yaliyopo ya kuwataja viumbe hawa wadogo yamepakwa matope. Kijidudu, kiini, kimelea: hakuna hata moja ambalo mtu angependa kulisikia likihusishwa na tumbo la mwanawe. Hata neno chango hubeba kwa pamoja maana ya utumbo na maana ya maradhi ya tumbo, kana kwamba kuwa na utumbo ni kuwa mgonjwa tayari. Mama akiambiwa leo kwamba anunue unga wa kuwalisha vijidudu waliomo tumboni mwa mtoto, atakuwa na haki ya kudhani kuwa muuzaji amerukwa na akili.

Ilhali neno zuri lipo, tena limo jikoni. Chachu ndiyo nguvu isiyoonekana inayoumua unga, inayolifanya togwa kuwa togwa na maziwa kuwa mgando. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeichukia chachu. Wanasiasa wenyewe, wanapotaka kujisifu, hujiita chachu ya maendeleo. Wazungumzaji wa Dholuo nao wana neno thowi, lenye maana hiyohiyo. Basi bakteria wema wa utumboni waitwe chachu za tumboni; probaiotiki iitwe chachu hai; na prebaiotiki iitwe lishe ya chachu. Kwa maneno hayo, sentensi iliyokuwa kichekesho hugeuka kuwa maelezo ambayo mtu anaweza kuyafuata bila kuandamana na mfasiri: unga huu ni lishe ya chachu zilizomo tumboni mwa mtoto.

Watakuwapo watakaopinga kwamba chachu, kwa kauli ya sayansi, ni hamira, nayo hamira ni kuvu, si bakteria. Pingamizi hilo ni la haki katika maabara, lakini nje yake halina miguu. Mpishi anayeacha uji kidogo ndani ya chungu ili uchachushe uji wa kesho hukiita kibakio hicho chachu, ingawa waliomo humo kwa wingi ni bakteria watoao asidi ya maziwa. Lugha ya jikoni haikungoja darubini. Utohozi una nafasi yake, na maneno prebaiotiki na probaiotiki yatabaki katika vitabu vya wanafunzi wa tiba bila kumdhuru mtu. Hatari huja pale ambapo utohozi unafanywa kisingizio cha kutoeleza, mtu akadhani kwamba kwa kuongeza irabu mwishoni mwa neno la kigeni amekwisha kuutoa ujuzi kwa umma.

Mfano wa kwanza kabisa wa lishe ya chachu, kwa hakika, hauhitaji kiwanda. Maziwa ya mama yana zaidi ya aina 100 za sukari changamano ziitwazo oligosakaridi, na kwa wingi wake hushika nafasi ya tatu miongoni mwa viambato vigumu vya maziwa hayo, baada ya sukari ya maziwa na mafuta. Ajabu ni kwamba mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Anayezila ni bakteria wa jamii ya Bifidobacterium, hususan yule aitwaye infantis, ambaye hustawi katika utumbo wa mtoto anyonyaye na kuwazuia wabaya wasikite mizizi. Maumbile, kwa maneno mengine, yametenga sehemu ya chakula cha mtoto kwa ajili ya mlaji asiyeonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, na ushauri huo, ukitazamwa kwa jicho hili, ni ushauri wa kuzistawisha chachu pia.

Matatizo huanza mwezi wa saba. Uji unaingia, na mara nyingi uji wenyewe ni wa mahindi yaliyokobolewa, mwepesi, wenye wanga mwingi na madini haba. Mtoto hupungukiwa na madini ya chuma, damu hupungua, na akili na mwili huchelewa kukua. Tiba iliyobuniwa ilikuwa vifuko vya unga wa vitamini na madini, vya kunyunyizwa juu ya chakula cha mtoto. Katika eneo la Nyando, mashariki mwa Kisumu, vifuko hivyo viliuzwa kijijini kuanzia mwaka 2007 kupitia wanawake wachuuzi wa shirika la SWAP lenye makao yake Kisumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa upungufu wa damu, wa madini ya chuma na wa vitamini A ulipungua miongoni mwa watoto wa vijiji vile. Ilikuwa habari njema, tena yenye funzo ambalo mara nyingi hupuuzwa: akina mama walinunua kwa hiari yao, kutoka kwa mwanamke waliyemjua, aliyewaeleza kwa lugha yao.

Lakini madini ya chuma hayamlishi mtoto peke yake. Bakteria wengi waletao maradhi huyapenda kupita kiasi, ilhali chachu njema za utumboni huyahitaji kidogo mno. Afrika Mashariki ilikwisha kupata onyo kwamba madini haya si ya kumwagwa bila kufikiri: utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, katika kisiwa kile chenye malaria nyingi, watoto waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa hospitalini na kufariki zaidi ya wenzao. Kisha, mwaka 2015, watafiti wa Uswisi na Kenya waliofanya kazi huko Kwale walichapisha matokeo kuhusu utumbo wenyewe. Watoto waliotiliwa vifuko vyenye chuma katika uji wa mahindi kwa miezi minne walionekana kuwa na bakteria waharibifu zaidi, na dalili za utumbo kuvimba ndani kwa ndani ziliongezeka. Dawa ya damu ilikuwa ikilichokoza tumbo.

Jibu la watafiti walewale ndilo linaloipa prebaiotiki heshima yake. Katika utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2017, watoto 155 wa Kwale waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipata unga usio na chuma. La pili lilipata miligramu 5 za chuma kwa siku. La tatu lilipata chuma kiasi hichohicho pamoja na gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi, ambayo ni lishe ya chachu itengenezwayo kutokana na sukari ya maziwa. Madhara ya chuma katika utumbo yalipunguzwa kwa kiasi kikubwa katika kundi la tatu, na utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba lishe hiyo iliwasaidia watoto kufyonza chuma zaidi kutoka kwenye unga wao. Anayesema kwamba vifuko hivi ni ulaghai wa wafanyabiashara hajasoma habari za Kwale. Aidha, suala lenyewe limekwisha kufika ufuoni mwa ziwa. Katika hospitali ya rufaa ya kaunti ya Homa Bay, jaribio liitwalo PROSYNK liliandaliwa kwa watoto wachanga 600, waliogawanywa makundi manne, ili kupima iwapo chachu hai, au chachu hai ikiambatanishwa na lishe yake, zinaweza kuuimarisha utumbo na ukuaji wa mtoto anayezaliwa katika mazingira yale. Mwongozo wa jaribio hilo ulichapishwa mwaka 2022.

Basi mgeni na akaribishwe. Ila itazamwe asili ya kilichomo mkobani. Galakto-oligosakaridi hutengenezwa viwandani kwa kuitia sukari ya maziwa vimeng'enya. Inulini, ambayo ndiyo prebaiotiki mashuhuri zaidi duniani, hukamuliwa kutoka katika mizizi ya chikori, mmea unaolimwa kwa wingi Ubelgiji na Uholanzi. Hakuna ubaya katika chikori. Lakini mtu anayesimama katika soko la Kibuye siku ya Jumapili, akatazama mafungu ya apoth, dek, osuga, mito na boo yaliyopangwa juu ya magunia tangu alfajiri, ana sababu ya kushangaa kwamba lishe ya tumbo la mtoto wa Kisumu imeagizwa kutoka Ulaya ya Kaskazini.

Apoth, ambayo Waswahili huiita mlenda, inateleza kwa sababu ina ute, na ute huo ni kabohidreti changamano ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuivunja. Inabidi ishuke kwa bakteria. Wimbi na mtama visivyokobolewa vina nyuzinyuzi katika maganda yake. Ugali wa jana, ule mwiku ambao watoto huuonea haya wageni wanapokuja, una sifa ambayo ugali wa moto hauna: wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa wanga sugu, usiosagika kwa wepesi, nao huwa lishe ya chachu. Bibi aliyemwekea mjukuu wake kipande cha mwiku cha kunywea chai ya asubuhi hakuwa amesoma neno lolote la Gibson na Roberfroid.

Si mara ya kwanza kwa fuo za ziwa hili kuufundisha ulimwengu habari za tumbo. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha Mulago mjini Kampala, hukumbukwa kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini katika nusu ya pili ya maisha yake alishughulika na jambo lililoonekana la kuchekesha: kinyesi. Alikuwa ameona kwamba maradhi ya utumbo mpana yaliyozijaza hospitali za Uingereza yalikuwa adimu mno miongoni mwa wagonjwa wake wa Afrika. Akiwa pamoja na Hubert Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini, alihoji kuwa sababu ilikuwa nyuzinyuzi za chakula. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya uzito wa kinyesi na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, wakiwalinganisha walaji wa vyakula vya Kiafrika na wa Ulaya. Wazungu walirudi kwao na habari hiyo, wakaanza kutia pumba katika mkate wao. Huku nyumbani, mwendo ulikuwa wa kinyume: sembe nyeupe iliukalia ugali wa mtama, na mboga za kienyeji zikaitwa chakula cha maskini.

Aliyeugeuza upepo, kwa sehemu kubwa, ni mwanamke. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, alipokuwa Chuo Kikuu cha Maseno, alianza katika miaka ya 1990 kuzichunguza mboga za kienyeji ambazo wataalamu wengi wa kilimo waliziita magugu, akahimiza mbegu zake zikusanywe na zilimwe. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya kisayansi ya Kwame Nkrumah. Leo mnavu na mgagani zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, tena kwa bei isiyo ya maskini.

Na iwapo yupo anayedhani kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale tu, na atazame ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, watafiti wa Moshi na Uholanzi walichapisha matokeo kutoka kaskazini mwa Tanzania, ambako vijana 77 wa kiume wenye afya walishiriki. Waliozoea vyakula vya asili vya Kilimanjaro walipopewa vyakula vya mtindo wa Magharibi kwa majuma mawili tu, dalili za mwako katika damu ziliongezeka. Waliofanya kinyume chake dalili hizo zilipungua, na vivyo hivyo kwa waliokunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kwa juma moja. Majuma mawili! Mtu hutumia muda mrefu zaidi kungoja kitambulisho.

Hata hivyo, hoja ya chungu nayo isigeuzwe ushirikina. Wapo wanaosema kwamba bibi alijua yote, kwa hiyo vifuko vyote vitupwe ziwani. Hao nao wanapotosha. Mtoto wa miezi saba hawezi kula apoth kiasi cha kumpatia gramu 7.5 za lishe safi ya chachu kwa siku. Tumbo lake ni dogo. Mtama una tanini na fitati, ambazo huyashika madini ya chuma yasifyonzwe. Kuchachusha hupunguza fitati, lakini hakumalizi tatizo. Uji uliochachushwa kabla ya kupikwa, kama ufanywavyo katika nyumba nyingi za Nyanza, una asidi na ladha na faida zake, ila chachu hai zilizokuwamo hufa motoni. Anayeuuza uji huo kama probaiotiki anauza jina. Isitoshe, hakuna lishe ya chachu itakayomfaa mtoto anayekunywa maji machafu, ijapokuwa maji nayo peke yake si muujiza: utafiti mkubwa uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kuboresha maji, vyoo na unawaji wa mikono hakukuongeza urefu wa watoto, ilhali lishe bora iliuongeza kidogo. Kidogo! Neno hilo linapaswa kumtia unyenyekevu kila mwenye kifuko na kila mwenye chungu.

Lililo gumu kusamehe ni kwamba kazi iliyo kati ya chungu na kifuko bado haijapata wafanyakazi wa kutosha. Ute wa apoth wa Kano ungepaswa kupimwa kama inulini ya Ubelgiji ilivyopimwa: unalisha chachu zipi, kwa kiasi gani, na je, unazuia madhara ya chuma katika uji wa mtoto? Muhogo wa Homa Bay na wimbi la Siaya vivyo hivyo. Hayo si maswali ya kuagiziwa kutoka Zurich au Liverpool. Ukanda huu una Chuo Kikuu cha Maseno, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo, kilichopata hati yake mwaka 2013; una vituo vya utafiti wa tiba; una wakulima; una wachuuzi wanawake ambao Nyando ilikwisha kuthibitisha kwamba wanaweza kukifikisha kifuko mlangoni. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji wa viwandani kutia madini ya chuma katika unga wa mahindi na wa ngano. Ikiwa chuma kimekwisha kuwekwa ungani kwa amri, basi kutafuta mwenzake wa kuilinda njia yake tumboni ni wajibu wa yule aliyetoa amri, na kumtafuta katika mazao ya mkulima wa hapahapa ni busara ya mfuko pia. Kifuko kinachoagizwa kwa fedha za kigeni kitamfikia mtoto wa mwenye gari kwanza. Mtoto wa mvuvi wa Dunga atakisikia redioni.

Pengo hilo la maarifa halikai wazi. Linajazwa na watu wa vipaza sauti kwenye vituo vya mabasi, wenye unga wa kijani wa kusafisha tumbo, kuondoa sumu, kurudisha nguvu na kutibu kisukari, vyote kwa kijiko kimoja. Lugha yao, ni lazima ikirikwe, ni fasaha kuliko ya wanasayansi. Wanatumia methali, wanamtania mteja, wanamwita mama na dada, wanaeleza tumbo kwa mifano ya mtaro na jiko. Wanasema uongo kwa Kiswahili kizuri, huku ukweli ukiwa umefungiwa katika kibandiko cha Kiingereza chenye herufi za kusomwa kwa miwani. Wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kuupima ute wa mlenda, lakini kibandiko wanaweza kukiandika, na fomu ya ridhaa wanaweza kuitafsiri ikaeleweka na yule anayeombwa kutia sahihi au kidole gumba. Wakiweza kushirikiana na wenzao wa Dholuo, ambao ndio wasemao lugha ya kwanza ya wengi ufuoni pale, kazi itakuwa bora zaidi. Hakuna anayehitaji kungoja baraza au tume kwa jambo hilo. Kibandiko chenyewe hakizidi sentensi saba:

Hii ni lishe ya chachu njema zinazoishi tumboni mwa mtoto. Si dawa, wala haina chachu hai. Tia kifuko kimoja katika uji uliokwisha kuiva na kupoa kiasi cha kulika, kisha koroga. Endelea kumnyonyesha. Siku za kwanza tumbo linaweza kujaa hewa kidogo. Akiharisha au kupata homa, mpeleke kituo cha afya. Mboga, nafaka isiyokobolewa na maharagwe pia ni lishe ya chachu, kwa hiyo mpe kadiri anavyokua.